Kocha kanyamaza tangu tarehe 25 Juni: anaruhusiwa nini na mwanao nje ya msimu?

Swali: Tunaishi Lexington, Kentucky. Sisi ni Wakongo, tulifika hapa kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Kijana wangu ana miaka 16 na anachezea timu ya soka ya shule yake ya sekondari. Shule zilipofungwa, kocha alikuwa akiwaita mazoezini kila asubuhi, akasema ni hiari. Kijana alikosa karibu nusu ya mazoezi kwa sababu anabaki na wadogo zake nikiwa kazini, na wenzake wanamwambia mwaka huu atakula benchi. Halafu tarehe 25 Juni kila kitu kikakatika. Uwanja una kufuli, kocha hajibu ujumbe, na mjomba wetu wa kanisani anayesaidia timu amekataa hata kuwafanyisha mazoezi vijana pale bustanini. Je, wamemtupa? Ana haki gani?

Jibu: Mama, tuanze na kufuli, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Mwanao hajatupwa. Kuanzia tarehe 25 Juni mpaka tarehe 9 Julai, siku 15 kamili, kila shule iliyo mwanachama wa KHSAA, yaani shirikisho la michezo ya shule za sekondari la Kentucky, inafunga shughuli za michezo. Kufuli kama hilo liko Louisville, liko Bowling Green, liko kwenye shule iliyojaza makombe kabatini na kwenye ile ambayo haijawahi kushinda hata moja. Ni kanuni namba 24 ya shirikisho hilo, na watoto shuleni huiita “dead period”. Inarudi kila mwaka kwa tarehe hizohizo, kwa hiyo mwakani iandike mapema kwenye kalenda ya jikoni.

Kinachokatazwa siku hizo kimeandikwa wazi. Mwanafunzi hapewi mafunzo ya mchezo na mtu yeyote wa shule, awe analipwa au anajitolea. Viwanja na kumbi za shule, jezi, vifaa, usafiri, hata jina la utani la timu, havitumiki kwa michezo iliyo chini ya shirikisho. Fedha za shule nazo hazitoki kwa ajili ya michezo hiyo. Kuna upenyo mdogo walioachiwa wale wa michezo ya majira ya kuchipua waliofika mashindano ya ubingwa wa jimbo: hao wanaweza kufanyiwa hafla yao ya pongezi. Soka la shule Kentucky ni mchezo wa msimu wa vuli, kwa hiyo upenyo huo hauwahusu.

Rudia hapo niliposema “awe analipwa au anajitolea”. Hapo ndipo aliposimama mjomba wenu wa kanisani, na mimi nampongeza. Watu wengi wa kwetu wakiombwa kusaidia timu hudhani kwamba kwa kuwa hawalipwi basi hawamo kwenye mkeka wa shule. Wamo. Akibeba koni zake na mipira yake akawapanga vijana wa timu ile bustanini Jumamosi, haijalishi kwamba bustani ni ya mji na koni kazinunua mwenyewe: mtu wa shule anawafundisha wanafunzi wa shule yake katika siku zilizofungwa. Kesi ikifika kwenye shirikisho, anayeitwa kujieleza ni shule, na inaweza kuishia kwenye faini au kocha kufungiwa mechi. Yeye alikuwa anailinda timu ya mwanao.

Kuhusu kocha kutojibu simu, hapo nina maoni tofauti kidogo. Nilivyoisoma kanuni ile, inazuia kufundisha na kutumia mali ya shule; sioni mahali inapomkataza mtu kujibu “habari za asubuhi” au swali la fomu. Lakini makocha wengi huona heri wanyamaze kabisa kuliko kuanza mazungumzo yatakayoteleza na kuwa maelekezo ya mazoezi. Wengine wako ufukweni na familia zao, na hizo ni wiki zao pekee za kufanya hivyo. Usimchukulie vibaya. Hata hivyo, kocha makini angewaandikia wazazi mapema, tarehe 20 hivi, kuwaeleza kinachokuja, na kwa wazazi wasiosoma Kiingereza angehakikisha ujumbe umefasiriwa. Hilo ni kosa la adabu ya kazi, na una haki ya kulisema atakaporudi.

Sasa sikiliza jambo ambalo likikaa kichwani, mengine yote yatakaa sawa: kanuni za nje ya msimu zinamfunga kocha na shule. Mtoto wako hazimfungi. Katika siku hizo 15 anaweza kukimbia, kupiga danadana, kucheza na ndugu zake, kucheza na timu ya mtaani, kwenda kambi ya soka inayoendeshwa na watu wasiohusika na shule yake. Swali la kujiuliza ni moja tu kila mara: ni nani aliyesimama pembeni anatoa maelekezo, na mali iliyoko uwanjani ni ya nani?

Chukua mfano ulio karibu nanyi. Tarehe 30 Juni ni sikukuu ya uhuru wa Kongo, na tarehe 1 Julai ni ya Burundi na Rwanda. Zote zinaangukia ndani ya siku zilizofungwa, na ndizo siku ambazo jumuiya zetu hupenda kuandaa bonanza la mpira, nyama ikiwa jikoni na muziki ukipigwa. Mwanao acheze, hakuna tatizo. Lakini asivae jezi ya shule, hata ile ya mazoezi yenye nembo. Timu isijiite kwa jina la shule. Mipira yenye maandishi ya shule ibaki nyumbani. Mjomba anaweza kuja kula na kushangilia, ila asikae benchi akawapanga vijana wa shule yake, na kocha mkuu akipita kusalimia asigeuke kuwa mshauri wa ufundi dakika ya mapumziko. Waandaaji wasiombe uwanja wa shule siku hizo kabla ya kuongea na mkurugenzi wa michezo wa shule. Na kama bingwa anapewa bahasha ya dola, kijana asiishike kabla hamjauliza shuleni, kwa sababu pesa ya kucheza inaweza kumletea matatizo ya sifa ya uanamichezo wa ridhaa. Akipewa medali au sahani ya wali, achukue.

Kuna ujanja mmoja nataka uutambue, kwa sababu huwa unawapitia watoto mfukoni. Saa nne usiku unaingia ujumbe kwenye kundi la simu: “Kesho saa kumi na mbili asubuhi, bustani ya kawaida. Msivae jezi. Kapteni ataongoza.” Vijana wakijipangia wenyewe kukutana, ni sawa kabisa. Lakini ukikuta kapteni ana karatasi ya mazoezi yaliyoandikwa kwa mwandiko wa mtu mzima, kuna gari limeegeshwa ng’ambo ya barabara limefunga vioo, na baadaye mtu anapewa orodha ya waliokuja na wasiokuja, hayo ni mazoezi ya kocha yaliyovalishwa shati la mwanafunzi. Mwanao akialikwa kwenye kitu kama hicho akakataa, hajavunja chochote. Na wewe ukikaa kimya hujavunja chochote pia, ila ukiombwa useme, sema ulichokiona.

Utaniuliza kwa nini wajisumbue hivi. Mimi nimekulia Tanzania, kwenye mambo ya UMISSETA, yaani mashindano ya michezo ya shule za sekondari: mwalimu wa michezo akikuchagua unaenda kambini, na hakuna mzazi anayehoji likizo ya mtoto imekwenda wapi. Hapa wamefika mahali pengine. Shule moja ikifanya mazoezi mwaka mzima, jirani yake nayo inalazimika, na mwisho mtoto wa miaka 15 anacheza mchezo mmoja miezi 12 na goti lake linalipa. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri mtoto apumzike michezo iliyopangwa angalau siku moja au mbili kwa wiki, na kwa mwaka akae mbali na mchezo wake mkuu jumla ya miezi mitatu, inayoweza kugawanywa mwezi mmoja mmoja. Ukilinganisha na hapo, siku 15 za Kentucky ni chache. Mimi ningeziongeza.

Ndugu yako aliyeko Ohio au Iowa akikwambia kwao mambo si hivyo, hakudanganyi. Lipo shirikisho la kitaifa, NFHS, makao yake Indianapolis, linalounganisha mashirikisho ya majimbo yote 50 na ya mji mkuu Washington, nalo linaandika kanuni za uchezaji uwanjani. Lakini kocha afanye nini wakati wa likizo, kila jimbo linajiamulia. Yako yanayohesabu siku za kiangazi ambazo kocha anaweza kukaa na timu, yako yanayohesabu wachezaji anaoweza kuwafundisha kwa wakati mmoja. Mkihama jimbo, anzeni kusoma upya.

Nije kwenye benchi, maana huko ndiko penye uzito. Kentucky inaruhusu shule kufanya mazoezi wakati wa likizo kabla ya tarehe 25 Juni, kwa hiyo kocha hakukosea kuwaita asubuhi. Na aliposema hiari alisema sawasawa, kwa sababu huo ndio msingi wa mambo yote ya nje ya msimu: mtoto asiadhibiwe kwa kutokuja. Shida ni kwamba hiari ya kwenye karatasi na hiari ya uwanjani si lazima zifanane. Kocha anayeita majina kila asubuhi, anayewakimbiza mizunguko ya ziada waliokosa jana, anayewaambia “ninawaona wanaojituma” huku akimtazama mtu mmoja, huyo ameshaondoa hiari ingawa hajatamka neno la lazima. Hayo ni mambo ya kuandikwa na tarehe zake.

Maneno ya wenzake, kwamba atakula benchi, ni jambo jingine. Vijana wa miaka 16 husema mengi, na mara nyingi hakuna kocha aliyeyasema. Nisingepeleka malalamiko shuleni kwa maneno ya wachezaji wenzake.

Na nikuambie ukweli mwingine ambao haupendezi. Kukataza adhabu hakumlazimishi kocha kumpanga mtu ambaye hayuko tayari. Msimu ukianza, atatazama nani anakimbia dakika 80 bila kuchoka na nani anajua nafasi yake uwanjani. Aliyehudhuria Juni nzima atakuwa ametangulia, na hilo si uonevu. Kama mwanao ataanzia benchi wiki mbili kwa sababu pumzi imepungua, huo ni mpira. Akiwa fiti kama wenzake, akawapita kwenye mazoezi, halafu bado akaambiwa “wewe hukuja Juni”, hapo una kesi.

Kwa hiyo zitumie siku zilizobaki. Asikae ndani mpaka kocha afungue geti. Akimbie asubuhi mapema au jioni jua likishuka, dakika 20 kwanza, kisha aongeze. Nasisitiza joto kwa sababu Kentucky imewahi kulipia somo hilo. Agosti 2008 kijana wa miaka 15 alianguka kwenye mazoezi ya futiboli ya Kimarekani ya shule moja Louisville, akafa siku tatu baadaye kwa kiharusi cha joto. Kocha wake alishtakiwa mahakamani kwa jinai, na mwaka 2009 jopo la raia waamuzi (jury) likamwona hana hatia. Mwaka huohuo jimbo likapitisha sheria inayowataka makocha wa shule wasomee usalama wa wachezaji. Leo, kipimo kinachochanganya joto na unyevu kikizidi 104 kwa Fahrenheit, yaani kama 40 kwa Selsiasi, shule zinatakiwa kusimamisha shughuli zote za nje.

Lakini kipimo hicho anacho mtu wa shule, naye siku hizi hayupo bustanini. Mwanao na wenzake wako peke yao. Mwili huchukua kama siku 10 hadi 14 kuzoea joto, na anayeshinda ndani penye kiyoyozi wiki mbili huanza kuyapoteza mazoea hayo. Mwambie hivi: wasikimbie peke yao, maji yawepo, na mwenzao akianza kuongea visivyoeleweka au kuyumba, wapige 911 papo hapo na kumpoza kwa maji baridi mwili mzima huku wakisubiri. Wasimpeleke kwanza nyumbani kwa mama yake. Nimeona vijana wetu wakiogopa kupiga 911 kwa sababu ya bili au karatasi za uhamiaji. Siku hiyo si ya kufikiria bili.

Geti linafunguka tarehe 10 Julai. Wa futiboli ya Kimarekani ndio wanaoanza siku hiyo, wakiwa na kofia tu bila mavazi mengine ya kujikinga. Soka mazoezi rasmi yanaruhusiwa kuanzia tarehe 15 Julai. Kuanzia hapo mambo yanabadilika: sasa ni msimu, kocha ana haki ya kudai mahudhurio, na kubaki na wadogo kutakuwa sababu ya kuelezwa mapema, si ya kugunduliwa. Ndiyo maana nakushauri uonane naye kati ya tarehe 10 na 15. Usiende na lawama, nenda na ratiba: siku hizi natoka kazini saa ngapi, siku hizi kijana anaweza kuchelewa nusu saa. Makocha wengi hupanga mambo na mzazi aliyekuja mapema. Ikishindikana kwake, ngazi inayofuata ni mkurugenzi wa michezo wa shule, kisha mkuu wa shule, kisha ofisi ya wilaya ya elimu. Shirikisho ni ngazi ya mwisho na ni la kanuni zilizovunjwa. Halimpangii kocha kikosi.

Omba mkalimani. Shule za umma za Lexington na Louisville zina huduma ya Kiswahili, na shule inayopokea fedha za serikali kuu haitakiwi kumwacha mzazi gizani kwa sababu ya lugha. Usikubali kijana mwenyewe akafasiri kikao kinachomhusu. Atakata maneno yanayomuumiza na kuongeza yanayompendeza, na simlaumu.

Kuna jambo hukuliuliza, ila kiangazi ndio majira yake. Kijana akicheza vizuri kwenye bonanza, atatokea mtu mwenye tabasamu na fulana ya polo atakayesema: “Shule yetu ina nafasi, mleteni, tutashughulikia.” Mshukuru, kisha usisaini kitu. Kushawishi mwanafunzi ahame shule kwa ajili ya mchezo kumekatazwa na shirikisho, na mwanafunzi aliyekwisha kucheza timu ya kwanza tangu aingie darasa la tisa kwa kawaida akihama hukaa nje mwaka mzima, isipokuwa awe na sababu zinazokubalika kama familia nzima kuhamia makazi mapya kweli. Kijana wa miaka 16 akipoteza mwaka, kabakiwa na kidogo sana. Na kwa kuwa wengi wetu tulitoka kambini na tarehe za kuzaliwa zilizoandikwa haraka haraka, angalia pia karatasi zake: anayetimiza miaka 19 kabla ya tarehe 1 Agosti haruhusiwi kucheza mwaka huo wa masomo. Kama tarehe ya kwenye hati ina makosa, marekebisho huchukua muda mrefu kuliko msimu wenyewe, basi yaanze sasa.

Msimu ukiisha vuli, mtaingia nje ya msimu nyingine, ile ya baridi. Hapo atasikia habari za kunyanyua vyuma baada ya masomo na za ukumbi kuachwa wazi jioni. Katika majimbo mengi vigezo vya ukumbi kama huo vinafanana: mlango uwe wazi kwa mwanafunzi yeyote, hata asiye wa timu, mahudhurio yasihesabiwe, na kocha aliyepo asimamie usalama tu bila kufundisha. Akiweza kwenda, aende. Asipoweza kwa sababu ya wadogo zake, asiende, na vitabu viko palepale. Ukisikia timu ya klabu inayolipiwa maelfu ya dola kwa mwaka ndiyo njia pekee ya kubaki kwenye timu ya shule, muulize aliyesema ayaandike. Hataandika.

Wiki hii lililo mikononi mwako ni fomu ya daktari. Bila uchunguzi wa afya wa kila mwaka na sahihi ya mzazi hataruhusiwa hata kujaribu nafasi, kwa hiyo angalia tarehe ya ule wa mwaka jana. Kama umeisha muda, piga simu kliniki leo, kwa sababu mwishoni mwa Julai watoto wa mji mzima watakuwa kwenye foleni hiyohiyo.